Maswali ya Wasomaji: Draiva ya Kompyuta Uichukue kwa Nani?

Barua nyingi za Tanga safari hii zinazunguka jambo moja: kompyuta imepigwa Windows upya, kisha kuna kitu hakifanyi kazi. Mara nyingi kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Tumezijibu pamoja. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ukiyatafsiri msomaji atayatafuta asiyaone.

Nimenunua laptopu ya mtumba, HP ProBook. Fundi kaipiga Windows 10 mpya. Sasa waifai haipo kabisa, sauti hakuna, na mwanga wa skrini haupungui hata nifanyeje. Fundi anasema niirudishe aweke programu inayotafuta draiva zote kwa mkupuo. Niirudishe, au naweza mwenyewe?
*Msomaji, Makorora*

Unaweza mwenyewe, ukiwa nyumbani, mradi uwe na simu ya Android na kebo yake. Ile programu iache. Sababu tumemweleza msomaji wa Ngamiani hapo chini.

Laptopu yako haijaharibika. Windows huja na akiba ya draiva za vifaa vilivyojulikana siku faili lake la kuwekea lilipotengenezwa. Fleshi ya fundi ikiwa ya miaka mitano iliyopita na kadi ya waifai ni mpya kuliko hapo, Windows haiwezi kuitambua kadi hiyo. Skrini nayo imewashwa kwa draiva ya dharura, ambayo inaonyesha picha lakini haijui kupunguza mwanga. Kuhakikisha, bofya Start kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Device Manager, kisha fungua mstari wa Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, ndiyo hiyo.

Chomeka simu kwenye laptopu. Hakikisha kebo inapitisha data, kwa sababu kebo nyingi za bei ya chini huchaji tu, na watu hupoteza nusu saa wakiilaumu simu. Kwenye mipangilio ya simu, mahali pa hotspoti, washa USB tethering. Windows 10 na 11 zina draiva ya njia hii tayari, kwa hiyo baada ya sekunde chache utapata intaneti. iPhone inataka draiva ya Apple kwanza, kwa hiyo hapa azima Android ya jirani.

Kabla ya lolote jingine, linda bando. Windows huuona mtandao huo wa kebo kama waya wa ofisini usio na kikomo, na itaanza kuvuta masasisho makubwa bila kukuuliza. Ingia Settings, Network & Internet, Ethernet, ubofye mtandao wenyewe na uwashe Metered connection. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi hujifunga wenyewe: ukishawasha hiyo, Windows huacha kupakua draiva pia. Rudi Settings, ingia Devices, uweke alama kwenye Download over metered connections. Kwenye Windows 11 kisanduku hicho kiko Bluetooth & devices, kisha Devices.

Baada ya hapo fungua Windows Update ubofye Check for updates. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kwa kompyuta yoyote iliyopigwa upya, kwa kuwa draiva zake zimesajiliwa na Microsoft na Windows huzilinganisha na kifaa kwa namba yake, si kwa kubahatisha jina. Zikiisha za kawaida, tazama View optional updates, sehemu ya Driver updates. Windows 11 imeificha ndani ya Advanced options. Pale chukua zile tu za kifaa chenye shida. Kifaa kinachofanya kazi vizuri usikibadilishie draiva kwa sababu tu kuna mpya.

Kitakachobaki kichukue kwa aliyeiunganisha mashine, yaani support.hp.com. Usiandike "ProBook 450" peke yake, kwa sababu chini ya jina hilo kuna vizazi vingi na kadi zao hazifanani. Tumia namba ya siriali iliyo kwenye kibandiko cha chini. Kando yake kuna namba ya bidhaa ambayo kwa laptopu za mtumba mara nyingi huishia na #ABU au #ABA; ya kwanza ni ya soko la Uingereza, ya pili ya Marekani, na hazibadilishi draiva ya waifai wala ya sauti. Mwenye Dell atatafuta Service Tag, herufi na tarakimu saba. Kibandiko kikiwa kimefutika, fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_BIOS`, utaona siriali kwenye mstari wa SerialNumber. Pakiwa patupu, au tovuti ikikuletea mashine nyingine, huenda ubao mama uliwahi kubadilishwa. Hapo tumia jina kamili la modeli linaloonekana ukiandika `msinfo32`.

Weka kwa mpangilio huu: chipseti kwanza, uwashe upya, kisha mtandao, grafiki, sauti, na mwisho vitufe maalumu vya kibodi. Chipseti hutangulia kwa sababu ndiyo inayoitambulishia Windows njia za ndani za ubao. Baada yake baadhi ya alama za njano hutoweka zenyewe.

Kuhusu grafiki, kwa laptopu anza na ya HP. Ikiwa na kasoro, ndipo uende kwa mtengenezaji wa chipu yenyewe: Intel, AMD au NVIDIA. Ukiona kisakinishi cha Intel kinasema "The driver being installed is not validated for this computer", usilazimishe. Kinakurudisha kwa mtengenezaji wa laptopu. Kwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ya kuchomekwa ni kinyume chake: nenda moja kwa moja kwa NVIDIA au AMD, na ujiandae, maana faili la NVIDIA siku hizi hupita megabaiti 600. Ya waifai huwa ndogo zaidi, kwa hiyo bando likiwa dogo anza nayo.

Ikiwa laptopu yako inakubali Windows 11, mwambie fundi akupigie hiyo. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Assalaam aleikum. Nina steshenari Ngamiani, kompyuta nne. Kwenye moja kumejitokeza dirisha linasema draiva 23 zimepitwa na wakati na kompyuta iko hatarini, nilipie nizifanye mpya zote. Kompyuta yenyewe inafanya kazi vizuri. Nilipe?
*Msomaji, Ngamiani*

Waaleikum salaam. Usilipe, na hiyo programu iondoe leo kupitia Settings, Apps.

Programu za namna hii huhesabu kila draiva ambayo kuna nyingine yenye tarehe mpya kuliko yake, kisha hukutisha kwa idadi. Tarehe si kipimo. Draiva nyingi za Windows yenyewe zimeandikwa 21 Juni 2006, na Microsoft iliziweka hivyo makusudi ili draiva ya mtengenezaji, ikiwepo, ionekane mpya zaidi na ipewe nafasi. Programu isiyojua hilo itakuambia kibodi yako ina draiva ya karibu miaka ishirini.

Hatari yenyewe iko kwingine. Zinalinganisha kwa kukisia, zinaweza kuweka draiva ya kadi inayofanana na yako, na kesho yake sauti imekufa au skrini inamwekamweka. Nyingi huja pia na mizigo mingine: matangazo, kivinjari kipya, antivairasi ya majaribio. Kwenye kompyuta ambayo watu wanafungulia barua pepe na kulipia fomu za serikali, hilo halikubaliki.

Jihadhari pia na kutafuta "draiva ya HP" kwenye injini ya utafutaji na kubofya kilicho juu. Mara nyingi cha juu ni tangazo. Soma anwani kuanzia mwisho wake: support.hp.com ni ya HP, lakini anwani yenye neno hp mwanzoni na inayoishia kwa jina jingine si yao. Faili likishashuka, libofye kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Digital Signatures. Pale pawe na jina la kampuni yenyewe. Kama kichupo hicho hakipo kabisa na faili linadai ni la kampuni kubwa, lifute.

Dell Latitude yangu iko sawa kila kitu, ila Device Manager inaonyesha Unknown device yenye pembetatu ya njano. Kwenye tovuti ya Dell kuna draiva zaidi ya thelathini, nitajuaje ni ipi?
*Msomaji, Chumbageni*

Kila kifaa kina namba ya utambulisho, na hiyo ndiyo ya kuuliza. Bofya mara mbili huyo Unknown device. Kichupo cha General kitakuonyesha Code 28, maana yake draiva haijawekwa. Nenda kichupo cha Details, kwenye orodha ya Property uchague Hardware Ids.

Utaona mistari kadhaa. Ikianza na PCI, soma VEN, yaani mtengenezaji, kisha DEV, yaani kifaa. VEN_8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 14E4 ni Broadcom. Kwa mfano PCI\VEN_10EC&DEV_8168 ni kadi ya mtandao wa waya ya Realtek, na 10EC yenye 522A ni kisomeo cha kadi za kumbukumbu. Vifaa vya USB huandikwa VID na PID badala yake.

Kwa Dell, uwezekano mkubwa ni kwamba yako itaanza na ACPI\SMO88, kwa mfano SMO8810. Hicho ni kihisio cha kuanguka. Kazi yake ni kuhisi laptopu ikidondoka na kuiambia diski inayozunguka iinue vichwa vyake visikwaruze. Draiva yake kwenye tovuti ya Dell iko chini ya jina Free Fall Data Protection. Kama laptopu yako imebadilishwa diski ikawekwa SSD, yaani diski isiyozunguka, hakuna kichwa cha kuinuliwa, na pembetatu hiyo unaweza kuiacha bila kupoteza chochote. Kwenye HP, mwenzake wa namna hiyo huwa ACPI\HPQ6001, nacho ni kitufe cha kuzima na kuwasha waifai.

Kifaa kikiwa yatima, yaani mtengenezaji wa laptopu ameacha kukiweka kwenye tovuti, nenda catalog.update.microsoft.com. Hii ni ghala ya Microsoft yenyewe, na ajabu watu wachache wanaitumia. Bandika namba hadi DEV tu, bila mkia wa SUBSYS. Tazama safu ya Products uchague Windows yako. Utapata faili la .cab, ambalo ukilibofya halijiweki lenyewe, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani ni bovu. Lifungue kwa Command Prompt:

`expand C:\draiva\faili.cab -F:* C:\draiva\ndani`

Folda ya ndani uitengeneze kwanza. Kisha kwenye kifaa chenyewe bofya Update driver, Browse my computer, uonyeshe folda hiyo na uache alama kwenye Include subfolders.

Jambo moja kwa wakazi wa pwani. Ikiwa kifaa hakionekani kabisa kwenye Device Manager, hata kama Unknown, draiva haitakisaidia. Jaribu View, Show hidden devices. Kikionekana kwa rangi hafifu, Windows inakikumbuka tu lakini haikipati. Hewa ya chumvi hula miguu ya soketi, na kadi ya waifai iliyolegea au yenye kutu hufanya hivyo hivyo. Zima, toa betri, chomoa kadi, isafishe miguu yake kwa spiriti kavu, uirudishe.

Shikamooni. Ninasoma chuo, nyumbani Muheza. Napiga Windows kwenye laptopu mpya ya Intel kizazi cha 12. Nikifika mahali pa kuchagua diski, orodha iko tupu, inasema "We couldn't find any drives". Diski ni nzima, kwenye BIOS inaonekana. Nimechoma fleshi mara tatu.
*Mwanafunzi, Muheza*

Marahaba. Fleshi yako haina kosa. Kuanzia kizazi cha 11, Intel iliweka kitu kinaitwa VMD kati ya prosesa na diski za NVMe, yaani SSD za kisasa. Kikiwa kimewashwa, diski hukaa nyuma yake, na kisakinishi cha Windows kisichokuwa na draiva ya VMD hakioni kilichoko huko.

Kwenye kompyuta nyingine ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, sehemu ya Storage, uchukue Intel Rapid Storage Technology. Faili lenyewe huwa SetupRST.exe, na kosa la kawaida ni kulinakili hivyo hivyo kwenye fleshi. Kisakinishi hakisomi .exe, kinataka faili la .inf pamoja na wenzake .sys na .cat. Lifungue kwa amri hii ukiwa ndani ya folda yake:

`SetupRST.exe -extractdrivers C:\rst`

Ikiwa mtengenezaji amelifunga faili kwa namna yake, kwanza libofye mara mbili uchague Extract badala ya Install. Folda uliyoipata inakili yote kwenye fleshi ile ile ya Windows. Rudi kwenye laptopu, bofya Load driver, Browse, uchague folda ya VMD. Itatokea mistari miwili au mitatu; chagua ule wenye neno VMD Controller. Subiri kama nusu dakika, diski itajitokeza.

Wengine watakuambia uzime VMD kwenye BIOS, yaani programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Inafanya kazi, lakini tu kama diski ni tupu au unaifuta yote. Ukizima kwenye laptopu yenye Windows iliyokwisha kuwekwa VMD ikiwa imewashwa, Windows hiyo itagoma kuwaka na utaona INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Data haipotei; ukiiwasha tena VMD itarudi kama kawaida. Usije ukaifuta diski kwa hofu.

Printa yetu ya Epson ya tenki inachapa vizuri, ila hatuoni kiasi cha wino, skana haifanyi kazi, na imeanza kutoa mistari myeupe. Tunasafishaje kichwa wakati menyu ya kusafisha haipo?
*Msomaji, Mikanjuni*

Mliichomeka kebo kabla ya kuweka draiva. Windows ikaipa draiva yake ya jumla, inayojua kuchapa tu. Menyu ya kusafisha kichwa iko kwenye kichupo cha Maintenance, na kichupo hicho huja na draiva kamili ya Epson.

Chomoeni kebo ya USB. Iondoeni printa kwenye Settings, Printers & scanners. Pakueni kifurushi kamili kutoka tovuti ya Epson kwa modeli yenyewe. L3110 na L3210 zinafanana kwa macho lakini kila moja ina faili lake. Wekeni, na msichomeke kebo mpaka kisakinishi kiseme chomeka. Kisha fanyeni Nozzle Check kabla ya Head Cleaning, na kusafisha msifanye mfululizo zaidi ya mara mbili tatu, kwa sababu kila mara wino mwingi huingia kwenye pedi ya taka.

Kwa wenye leza: ikitoa karatasi nyingi zenye mstari mmoja wa herufi zisizosomeka, huenda mmeweka draiva ya PostScript kwenye printa isiyoijua lugha hiyo. Zimeni, futeni kazi zilizo kwenye foleni, mweke ya PCL, ambayo ni lugha nyingine ya printa, au ile ya modeli yenyewe.

Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za makampuni kupitia Windows Update. Kwa hiyo kwa printa, tofauti na vifaa vingine, jizoesheni kwenda kwa mtengenezaji moja kwa moja na kulihifadhi faili.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kebo yangu ya USB ya kusomea magari ilikuwa inafanya kazi kwenye Windows 7. Kwenye laptopu mpya inaandika Code 10. Nimeweka draiva mpya kabisa, hali ni ile ile.
*Fundi, Gofu Juu*

Fundi, hapa draiva mpya ndiyo tatizo lenyewe. Angalia Hardware Ids. Ukiona VID_067B&PID_2303, ndani ya kebo kuna chipu ya Prolific PL2303. Chipu hiyo ilighushiwa mno, na Prolific ikaandika draiva zake mpya zikatae chipu za bandia pamoja na za zamani walizoacha kuzitengeneza. Kwenye Windows 11 huandika wazi kwamba PL2303HXA imeondolewa sokoni tangu 2012.

Bofya Update driver, Browse my computer, Let me pick from a list. Orodha hiyo ikikuonyesha toleo la 2008, yaani 3.3.2.102 au 3.3.2.105, lichague; kebo nyingi hufufuka hapo hapo. Windows Update inaweza kukurudishia jipya siku nyingine, nawe utarudia hatua hizo. Orodha ikiwa haina toleo la zamani, usilitafute kwenye tovuti za vichochoroni. Nunua kebo yenye CH340, ambayo utaiona kama VID_1A86&PID_7523, au yenye FTDI halisi, VID_0403. Kabla ya kulipa, iulize programu yako ya magari inakubali ipi.

Tunasema FTDI halisi kwa sababu. Oktoba 2014 draiva ya FTDI iliyopitia Windows Update ilikuwa inabadilisha PID ya chipu za bandia kuwa 0000, na kebo za watu zikafa bila kujua kwa nini. Iliondolewa baada ya malalamiko mengi. Ni mfano mmoja wa Windows Update kuleta madhara, nasi bado tunaiweka mbele kwa vifaa vingi.

Kompyuta imeapdeti usiku, asubuhi skrini nyeusi, mshale wa mausi tu. Nifanyeje?
*Msomaji, Raskazone*

Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huianzisha upya draiva ya grafiki, na mara nyingine inatosha.

Isipotosha, zima kwa kushikilia kitufe cha umeme mara Windows inapoanza kuwaka, urudie mara mbili tatu hadi itokee skrini ya ukarabati. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kulinda diski. Mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, utaufungua kwa simu. Ukishaingia Safe Mode, fungua Device Manager, Display adapters, Properties, kichupo cha Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, draiva ya awali haikuhifadhiwa: chagua Uninstall device na uweke alama ya kuifuta draiva, washa upya, kisha uweke ya mtengenezaji.

Kwenye ukurasa wa draiva za laptopu yangu kuna BIOS mpya pia. Niiweke pamoja na nyingine?
*Msomaji, Sahare*

Hapana, si kwa pamoja. BIOS si draiva. Inaandikwa kwenye chipu ya ubao mama, na umeme ukikatika katikati mashine inaweza isiwake tena. Iweke tu kama maelezo ya toleo yanataja tatizo ulilo nalo au usalama, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Ya mezani bila UPS, usijaribu.

Huku kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Nataka kupiga Windows upya kwenye laptopu inayofanya kazi vizuri. Kuna namna ya kubeba draiva zake nisianze kuzitafuta tena?
*Msomaji, Pangani*

Ipo, na ingekuwa vizuri kila fundi aifanye kabla ya kugusa mashine ya mteja. Chomeka fleshi, tuseme ni E. Tengeneza folda E:\draiva. Fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, uandike:

`pnputil /export-driver * E:\draiva`

Itanakili draiva zote zisizo za Windows yenyewe. Ukubwa hutegemea zaidi grafiki. Fleshi ya gigabaiti 8 hutosha kwa laptopu nyingi. Fungua folda uhakikishe kuna mafaili ya .inf ndani, halafu chomoa fleshi, maana wako waliofuta fleshi hiyo hiyo wakati wa kuchoma Windows.

Windows mpya iwe ya aina ile ile. Draiva za biti 64 haziingii kwenye Windows ya biti 32, wala za 32 kwenye 64. Kutoka 10 ya biti 64 kwenda 11 karibu zote hukubali. Ukimaliza kuipiga, chomeka fleshi, uangalie imepewa herufi gani sasa, kisha:

`pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install`

Skrini itazimika na kuwaka mara moja au mbili grafiki inapoingia. Iache imalize, kisha washa upya.